Kaburi Nje ya Ua

Zachariah Mburu hakuwa na shamba Kisumu, wala kiwanja, wala kipande cha udongo ambacho angeweza kusimama juu yake akasema ni chake. Hakuwa na mtoto wa damu yake. Hakuwa na gari, na baiskeli yake haikuwa na breki ya nyuma. Hakuwa na meno mawili ya mbele upande wa chini. Hakuwa na Dholuo ya kutosha kumshinda mtu kwa maneno, ingawa alikuwa nayo ya kutosha kujua anaposengenywa. Hakuwa na subira na watu wanaochelewa kanisani. Hakuwahi kutoa ng'ombe hata mmoja kwa ajili ya mwanamke yeyote, na hilo lilikuja kumgharimu kuliko mengine yote. Na tangu Aprili ya mwaka jana, hakuwa na mke.

Alichokuwa nacho ni tumaini. Mkewe, Charity Awuor, alikuwa amekufa katika Kristo. Yeye naye alikusudia kufa katika Kristo. Basi wangeonana. Aliliamini jambo hilo jinsi alivyoamini kwamba ukizungusha gurudumu la cherehani sindano itashuka, na kama haishuki kuna kitu kimekatika ndani na fundi atakipata. Kazi yake ilikuwa hiyo, kutengeneza cherehani, katika kibanda cha mabati sokoni Otonglo, kando ya barabara ya kwenda Busia. Watu walipokuja kumpa pole aliwashukuru, lakini moyoni hakuona kwa nini wanalia. Mtu akitangulia safari, anayebaki hufunga mizigo.

Tumaini hilo liliingia mchanga siku ya mazishi yenyewe.

Awuor alikuwa mjane Mburu alipomwoa. Mume wake wa kwanza, Mwalimu Oluoch wa Pap Onditi, huko Nyakach, alikufa kwa homa akiwa bado kijana, akamwachia mtoto mmoja, Opiyo, pacha aliyebaki baada ya mwenzake kufa mchanga. Awuor alikuja Kisumu na mtoto huyo na cherehani iliyokuwa ikikata uzi. Mburu aliitengeneza. Ikakata tena, akaitengeneza tena, na mara ya tatu Awuor alikiri kwamba haikuwa na ubaya wowote.

Mburu hakutaka kumchukua mwanamke kama mwizi. Alitoka katika watu wanaojua mahari ni nini. Alivaa koti, akaenda Ahero kwa baba yake Awuor, akauliza anadaiwa ng'ombe wangapi. Yule mzee alimtazama kwa upole.

"Mwanangu," alisema, "ng'ombe za huyu msichana nilishakula. Zilitoka Nyakach. Nikikula zako, zile za kwanza nitamrudishia nani? Na mtoto wao nitamkata katikati? Enda mkae vizuri."

Mburu alirudi Kisumu akiwa na furaha. Aliwaambia watu kwamba ukweni kwake ni watu waliookoka, hawana tamaa. Alimnunulia mzee blanketi na kofia. Wakafunga ndoa kanisani, mchungaji akasaini cheti, na Mburu akakitia kwenye fremu. Hakujua kwamba siku ile pale Ahero alikuwa ameambiwa waziwazi, mchana kweupe, kwamba mwanamke huyu ni mke wa mtu na ataendelea kuwa mke wa mtu. Kwao ng'ombe wakishaliwa na mtoto akishazaliwa, kifo cha mume hakivunji kitu. Mwanamume anayekuja baadaye wanamwita jater: anamtunza mjane, anakula kwake, analala kwake, na akimaliza anakwenda zake. Mburu alikaa jater zaidi ya miaka thelathini bila kujua kuwa ni jater.

Awuor alipokufa, Opiyo alimjia kwa heshima zote. Alikuwa amekuwa mtu mzima, naibu mwalimu mkuu, mwenye kipara na miwani.

"Baba," alisema, "hapa Kisumu mnapanga nyumba tu. Acha Mama alale nyumbani."

Mburu alifikiri ni habari ya udongo. Akasema sawa.

Kule Pap Onditi alikuta nyumba mpya ya chumba kimoja, mabati yanang'aa. Alidhani imejengwa kwa ajili ya wageni, akasifu kazi. Opiyo akamwambia kwamba hapana, hiyo ni nyumba ya Mama. Ile ya zamani ilianguka, na mwenye boma, hata akiwa kaburini, hawezi kupokea mkewe bila nyumba ya kumlaza, basi vijana wameijenga kwa siku mbili.

"Mama yako ana nyumba Kisumu," Mburu alisema.

"Ndio, Baba," Opiyo alijibu, na akaenda kupokea wageni.

Jeneza liliingizwa katika nyumba ile usiku. Mburu aliwekwa kwenye hema la pili, pamoja na watu waliotoka mjini. Katika karatasi ya ratiba aliandikwa mwishoni, baada ya kikundi cha akina mama: Mzee Mburu wa Kisumu. Yote hayo aliyameza. Alijiambia kwamba desturi ni desturi, na mbinguni hakuna hema la pili. Kisha Mchungaji Zadock, mchungaji wao wenyewe wa Kisumu, aliyekunywa chai ya Awuor mara zisizo na idadi, alishika kipaza sauti mbele ya kaburi lililochimbwa ubavuni mwa kaburi la Oluoch, akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba leo Mama Charity ameungana tena na mume wake.

Watu wote wakasema amina. Mburu alikuwa ameshafungua mdomo kuitikia pamoja nao kabla hajasikia kilichosemwa.

Mwaka mzima maneno yale yalimrudia. Usingizi ulipomkataa alianza kuhesabu mambo ambayo zamani hayakumsumbua. Alikumbuka zile vurugu za baada ya uchaguzi, wakati watu wa kwao walipofukuzwa Kisumu naye akakimbilia kwa ndugu zake Ol Kalou, kwao milimani. Awuor alibaki. Aliketi mlangoni mwa kibanda, na vijana walipokuja na petroli aliwaambia kwamba mashine zilizomo ndani ni mali ya mwana wa Oluoch wa Nyakach, na atakayezigusa ataulizwa na watu wa Nyakach. Mashine zilipona. Mburu aliporudi alimshukuru Mungu kwa mke mwenye akili. Sasa aliona kwamba hata mkate wake wa miaka hii yote uliokolewa na jina la Oluoch.

Jumanne moja Mchungaji Zadock alisimama kibandani kuchukua cherehani ya akina mama wa kanisa. Mburu alikuwa ameimaliza tangu wiki iliyopita, lakini alimwambia aketi.

"Nina swali la Maandiko," alisema.

"La bure ama la kulipia?" Zadock alicheka akivuta kigoda.

"Siku ya ufufuo, Awuor atakuwa mke wa nani?"

Katika kibanda cha pili, Metrine, mama wa Kiluhya aliyeuza nyanya, aliacha kupanga mafungu yake.

Zadock hakucheka tena. "Mzee, hilo Masadukayo walimuuliza Bwana. Yule mwanamke wa ndugu saba."

"Najua waliuliza. Wao walikuwa wanamtania. Mimi sitanii."

"Basi jibu unalijua. Kule hakuna kuoa wala kuolewa."

"Kwa hiyo Awuor si mke wa Oluoch."

"Si wa Oluoch."

Mburu aliegemea nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi kifua kikifunguka.

"Na si wako pia, Mzee," Zadock aliongeza polepole.

Lori la mchanga lilipita, wakasubiri vumbi litulie. Mburu alichukua kitambaa akaifuta cherehani ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mwaka jana," alisema, "mbele ya jeneza, ulisema ameungana tena na mume wake. Ulikuwa na kipaza sauti. Nyakach nzima ilikusikia."

"Yale yalikuwa maneno ya kufariji wafiwa."

"Na mimi nilikuwa nani pale? Mpiga picha?"

Metrine alicheka bila kutaka, akajifunika mdomo na leso.

"Nilikuwa katika boma la watu, Mzee," Zadock alisema. "Mwenye boma amelala pale pale miguuni pangu. Ungetaka niseme nini?"

"Ungenyamaza. Kama hakuna ndoa kule, hakuna kwangu na hakuna kwa Oluoch. Lakini wewe unazo mbingu mbili. Moja ya mazishi, watu wanakutana na waume zao. Nyingine ya siku mtu akikuuliza vizuri, hakuna mume wa mtu. Mimi hii ya pili ndiyo nimepewa."

"Mtajuana, Mzee. Upendo haupotei. Utamjua naye atakujua."

"Kama ninavyomjua Metrine?"

"Hata zaidi."

"Metrine namjua ya kutosha."

"Wueh! Usijali, Mzee," Metrine alipaza sauti. "Mimi kule nitakaa mbali na wewe kabisa. Nimechoka na moshi ya hii mashine yako ya kuchomelea."

Mchungaji aliondoka na cherehani yake. Alisema atamwombea. Mburu alimwambia aombe huku akisoma.

Awuor alikuwa na mazoea ya kutangulia kanisani Jumapili na kuweka mkoba wake kwenye benchi ili mtu asikalie nafasi ya Mburu. Hospitalini, alipokuwa bado anaweza kusema, alimwambia kwamba akitangulia atamshikia nafasi. Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyaegemea Mburu. Hakumwambia Zadock, kwa sababu hakutaka kusikia kwamba nayo yalikuwa maneno ya kufariji.

Alifikiri kwa siku kadhaa, kwa hatua, kama mtu anayefungua mashine na kupanga skrubu mezani. Kama kule ndani hakuna mke wala mume, basi kinachobaki ni ule wakati mmoja kabla watu hawajaingia. Makaburi yatafunguka. Mtu ataketi, atajifuta udongo usoni, atageuza shingo aone ni nani yuko karibu. Wakati huo bado hajawa malaika. Bado ni Awuor. Na ubavuni mwake atakuwepo Oluoch peke yake, huku Mburu akijifuta udongo huko Ol Kalou katikati ya kaka zake, umbali wa nusu nchi. Hakuweza kubishana na mbingu. Lakini mahali pa kulala panaweza kubishaniwa. Aliamua kwenda kuomba kaburi.

Kule Pap Onditi, Opiyo alimpokea vizuri. Alikuwa amechinja kuku, na mkewe alimnawisha Mburu mikono kwa maji ya moto.

"Baba, ungenipigia simu nikuje nikuchukue pale Katito."

"Sikuja kubebwa."

Makaburi mawili yalikuwa yamesakafiwa kwa simenti na kuwekwa vigae vya kijivu. Juu ya la Awuor palikuwa na maandishi: mke mpendwa wa Mwalimu Oluoch. Mburu aliyasoma, akasoma tena, akavua kofia kwa ajili ya mmoja wao. Ile nyumba ya mabati ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na kuku wamelala kivulini mwake.

Baada ya chakula alisema alichokuja kusema. Alitaka alazwe ubavu wa pili wa Awuor. Palikuwa na nafasi, alikuwa ameipima kwa macho.

Opiyo alivua miwani akaifuta. Aliyejibu ni Ojwang', mdogo wake Oluoch, mzee wa rika la Mburu, aliyekuwa amekaa mlangoni akichokoa meno.

"Nyinyi watu wa milima," Ojwang' alisema, "hata mkikufa mnatafuta ploti!"

"Baba mdogo, tafadhali," Opiyo alisema.

"Namtania tu. Huyu ni rafiki yangu. Sikia, Mburu. Sisi hatukatai. Mama Opiyo ulimtunza. Huyu kijana ulimsomesha. Wewe ni jater mzuri sana, Nyakach haijawahi kuona jater kama wewe. Mwingine angekula kuku akimbie. Lakini jater akikufa analala kwao."

"Mimi si jater. Nina cheti cha ndoa."

"Cheti ni ya serikali."

"Na ya kanisa."

"Haya, na ya kanisa. Serikali iko na boma hapa? Kanisa ilileta ng'ombe? Wanaume wawili, mwanamke mmoja katikati, ndani ya boma ya mmoja! Omera, ndugu yangu, hata wewe ungekuwa Oluoch ungelala hapo kweli? Si ungeamka usiku upige mtu?"

Mke wa Opiyo aligeuza uso ukutani, mabega yakimtikisika. Mburu alingoja wamalize. Kisha alimtazama Opiyo, kwa sababu yeye Mburu ndiye aliyemfundisha kufunga viatu.

"Wewe unasemaje?"

"Baba, ndani ya ua siwezi. Wazee hawatakubali, na mimi ndiye nitabaki hapa nao na watoto wangu." Opiyo alirudisha miwani usoni. "Lakini nje ya ua naweza. Upande huu wa chini, nyuma ya kaburi la Mama, ua peke yake ndio utakuwa katikati. Ardhi ile ni yangu, hakuna atakayeuliza."

"Pale analala nani?"

Opiyo alisita. "Shangazi yangu. Hakuolewa. Na mtu mmoja aliyekuwa anatulimia. Alikosa watu wa kumchukua."

Mburu alisimama. Chai ilikuwa imemiminwa, hakuigusa.

"Mimi sikukosa watu," alisema. "Wala si kibarua wa baba yako."

"Kaa chini, Mburu," Ojwang' alisema, na safari hii hakuwa akitania. "Mimi mwenyewe nitachimba."

Hakukaa. Opiyo alimsindikiza mpaka nje ya lango. Walitembea hadi barabarani.

"Mama yako alisema nini kuhusu mimi?" Mburu aliuliza. "Juu ya mahali pa kunilaza. Lazima mliongea."

"Nilimuuliza hospitalini. Alisema wewe una watu wako Ol Kalou, watakuja kukuchukua."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

"Hakuuliza kama nataka kuchukuliwa?"

"Na wewe, Baba, ulimuuliza kama anataka kuletwa huku?"

Mburu alitazama barabara. Miaka yote ile walizungumza kila jioni juu ya kuonana mbinguni, na hakuna kati yao aliyewahi kumuuliza mwenzake atalala wapi akisubiri. Kila mmoja alidhani mwingine anajua. Au Awuor alijua, akaona afadhali asimwambie.

"Ukibadilisha nia, niandikie," Opiyo alisema. "Barua, na sahihi yako. Simu haitoshi. Siku hiyo watu wako watafika na lori, na wewe hutakuwepo kuongea."

"Sitabadilisha."

Alirudi kazini akiwa mkali. Wateja walimlipa haraka na kuondoka. Metrine alimvumilia mpaka Alhamisi.

"Mzee, tangu urudi Pap Onditi unapiga hizo mashine nyundo kama zimekuibia. Walikunyima?"

Alimweleza, kwa ufupi, akitegemea atacheka. Hakucheka.

"Sasa ua ni nini?" aliuliza. "Ni miti. Siku hiyo Mungu atafungua kaburi ya simenti halafu ashindwe na ua? Hana panga?"

"Siogopi ua. Namwogopa Oluoch."

"Mtu amekufa kitambo hivyo?"

"Ndiyo maana. Alikufa kijana. Atafufuka ana meno yake yote, mgongo umenyooka, na ndiye aliyemtoa kwao na ng'ombe. Mimi nitafufuka hivi unavyoniona."

"Si wanasema tutapewa miili mpya?"

"Wote tukipewa mipya, atanijulia wapi?"

Metrine alipangusa nyanya moja kwa leso, akaiweka juu ya fungu, akaiondoa tena. "Mimi mume wangu Waliaula akifufuka," alisema, "nitamjua kwa deni. Lakini sijui kama nitaenda mahali yuko. Nitaangalia kwanza. Hata huyo Awuor wako, labda ataangalia kwanza. Labda atachoka na nyinyi wote wawili, aende kwa mama yake."

Mburu hakuwa amelifikiria hilo. Lilimuuma kuliko Oluoch.

Jioni hiyo Njuguna, mtoto wa kaka yake, alipiga simu kutoka Ol Kalou, kama alivyofanya kila mwisho wa mwezi. Alisema viazi vimezaa vizuri. Alisema wamesafisha pale walipolala babu na nyanya, wamepanda maua, na wamemwachia yeye nafasi nzuri upande wa jua.

"Baba mkubwa, usifikirie mambo mengi. Pako pako tayari."

"Na Awuor?" Mburu aliuliza.

"Nani?"

"Awuor. Charity."

"Aa, yule mama wa Kisumu! Si walimchukua kwao? Hiyo ni sawa, Baba mkubwa. Kila mtu na kwao. Hapa hatutaandika mambo mengi, tutaandika tu jina lako na la babu."

Mburu alimshukuru kwa viazi, akakata simu. Alibaki amekaa kitandani na simu mkononi. Kwa watu wa Oluoch alikuwa mtunzaji. Kwa watu wake mwenyewe angelala kama mtu ambaye hajawahi kuoa, chini ya maua, upande wa jua, na hakuna mgeni ambaye angesoma pale akajua kwamba aliwahi kuwepo mwanamke aliyeitwa Awuor. Katika nchi hii nzima alikuwa amebaki na sehemu moja tu ambapo mtu anayepita angeweza kuuliza: huyu ni nani, na anafanya nini karibu na yule?

Asubuhi hakufungua kibanda. Alinunua karatasi na bahasha, akaketi mezani, akaandika kwa mwandiko ule ulionyooka aliojifunza ukubwani.

*Opiyo, mwanangu,*

*Nakubali ile nafasi nje ya ua. Usifikiri nimenyenyekea. Nakubali kwa sababu sina nyingine iliyo karibu zaidi, na mliojua kwamba sina ni nyinyi.*

*Nataka mambo yafuatayo. Kaburi lichimbwe kando ya ua kabisa, si hatua moja mbali. Nilazwe miguu ikielekea upande ule ule ilikoelekea ya mama yako. Juu yangu muandike Zachariah Mburu, mume wa Charity Awuor. Baba yako mdogo akikataa, mwambie ndani ya ua ni kwao na huko nimenyamaza, lakini nje asinipangie maneno. Kama anataka kuchimba alivyosema, achimbe. Ninamwamini kwa jembe kuliko kwa ulimi.*

*Mchungaji Zadock asipewe kipaza sauti. Akitaka aombe, aombe, lakini asiseme nimeungana na mtu yeyote. Hajui. Mimi pia sijui.*

*Nimemwandikia Njuguna wa Ol Kalou kwamba watu wa kwetu waje kunizika kama wageni, wala wasije na lori. Utawapa chakula.*

*Ninakuambia wewe peke yako sababu. Ninataka kuwepo. Siku hiyo mama yako atafungua macho, na atageuka upande mmoja au mwingine. Kama atamshika baba yako mkono, nitaona kwa macho yangu, nitaondoka nikawatafute kaka zangu. Ni mbali, lakini nadhani siku hiyo miguu haitauma. Nitakuwa nimejua nilikuwa nani katika nyumba yangu. Kama hatamshika, nisiwe mbali hata asinione. Na akipita katikati yetu akaenda kwa mama yake, basi mimi na baba yako tutakuwa na la kuzungumza, na huo utakuwa mwanzo wa kujuana.*

*Ulinilea vizuri katika uzee huu, na nilikulea. Hilo wazee hawawezi kuliweka ndani wala nje.*

*Zachariah Mburu*

Aliisoma mara moja. Aliona kwamba sentensi ya mwisho ina huruma nyingi, akafikiri kuifuta, akaiacha kwa sababu wino ungechafua karatasi. Aliikunja, akaitia ndani ya bahasha, akailamba gundi. Gundi ilikuwa mbovu, haikushika. Alichukua ile gundi nyeusi ya kubandikia mikanda ya cherehani, akapaka ukingoni, akaibana bahasha kwa kiganja juu ya meza mpaka ikashika na kuacha alama nyeusi ya kidole gumba.

Posta mjini hapakuwa na foleni. Karani, msichana mwenye kucha ndefu za rangi, aliisoma anwani.

"Sanduku la shule, Pap Onditi. Mzee, watu bado wanaandika barua? Si ungempigia tu?"

"Nikimpigia atasikia yeye tu. Nataka wengine wasome."

"Ni ya kesi?"

"Ni ya ardhi."

"Ooh. Ardhi, sawa, andika." Alitafuta stempu droo moja hadi nyingine, akapata moja, akaibandika ikakaa upande. "Itafika Ijumaa. Ama Jumatatu."

"Haina haraka," Mburu alisema, na akasimama pale pale dirishani.

Msichana aliipiga muhuri. Wa kwanza haukuonekana vizuri, akapiga wa pili kwa nguvu zaidi, kisha akaitupa kwenye gunia la Nyakach.